Theluthi Mbili za Cherehani

Mwaka wa pili chuoni, kipindi cha saa mbili asubuhi, mhadhiri wetu aliandika ubaoni: Sura ya 507, kifungu cha 15. Hiyo ndiyo sheria ya Kenya inayohusu kununua vitu kwa malipo ya polepole. Akageuka akatueleza kwa maneno machache kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei yote iliyo kwenye mkataba, mwenye duka hana tena ruhusa ya kuja kukichukua kitu chake hivi hivi. Akikitaka, aende mahakamani.

Wenzangu waliandika wakaendelea. Mimi nikaanza kupiga hesabu pembeni mwa daftari. Arbuni 6,500. Jumlisha 2,500 mara sita, hizo ni 15,000. Jumla 21,500. Bei yote ya mkataba ilikuwa 31,500, na theluthi mbili yake ni 21,000.

Nilirudia hesabu ile mara tatu, kwa sababu sikutaka iwe kweli. Mama alikuwa ameuvuka mstari kwa shilingi 500.

Nieleze. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, Kisumu. Mama yangu ametoka Mumias, na kazi yake tangu nipate akili ni kushona: madera, kanzu za Idi, na zaidi ya yote sare za shule. Alikuwa na cherehani kuukuu ya kukanyaga, akitumia nafasi ya barazani kwa duka la jirani. Mwaka 2013, nikiwa darasa la saba, aliingia mjini akachukua cherehani mpya ya umeme katika duka moja linalouza vyombo kwa mkopo. Bei ya pesa taslimu ilikuwa 22,000. Kwa mkopo, 31,500. Alitoa arbuni mwezi wa tano, na kuanzia mwezi wa sita akawa analipa 2,500 kila tarehe 5.

Alilipa Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba. Desemba hakulipa. Hakuwa amezila pesa. Alikuwa amezipeleka soko la Kibuye kununua vitambaa, kwa kuwa fundi wa sare hupata mwaka mzima wake katika wiki tatu za Januari, na asiye na kitambaa Desemba hana cha kushona shule zikifunguliwa. Alimpigia simu mkusanyaji wa duka akamwomba amngojee hadi tarehe 10 Januari. Tarehe 19 Desemba vijana wawili walifika na mkokoteni. Mama alikuwa na suruali ya kaki chini ya sindano. Aliomba amalizie mshono. Wakamngoja amalize, kisha wakaibeba.

Januari ile alishonea cherehani ya kukanyaga usiku na mchana, miguu ikamvimba, na nusu ya sare akaziacha. Kwetu jambo hilo liliitwa bahati mbaya. Babangu mdogo aliliita tamaa ya vitu vikubwa. Hakuna mtu hata mmoja Kaloleni aliyeliita jina lake halisi, yaani kuvunja sheria, kwa sababu hakuna aliyeijua sheria yenyewe.

Watu wakiniuliza nilisomea nini, huwa nasema usimamizi wa fedha za familia na maslahi ya wanunuzi. Wengi hutafakari kidogo, halafu husema, "Aa, sayansi kimu. Mapishi." Shangazi yangu mmoja aliniambia mbele ya wageni kwamba kupanga pesa za nyumbani ni jambo la kufunzwa na mama mkwe, si la kulipiwa karo. Sikumjibu vibaya, ni shangazi yangu. Lakini makala hii ni jibu langu kwake, na kwa kila mzazi wa huku magharibi mwa Kenya ambaye mtoto wake ameletewa kozi hii na anaona aibu kuitaja kanisani au msikitini.

Chimbuko la somo lina heshima yake. Ellen Swallow Richards, mkemia na mwanamke wa kwanza kuhitimu pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1873, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika mikutano ya Lake Placid kule Marekani iliyoanza 1899, ambamo elimu ya nyumba iliwekwa kwenye misingi ya sayansi. Hayo tuliyasoma kwa haraka na nayapita kwa haraka. Aliyenishika mimi ni mwingine: Margaret Reid, mwanauchumi aliyezaliwa Kanada, ambaye mwaka 1934 alichapisha kitabu kuhusu kazi zinazozalisha mali ndani ya nyumba. Aliweka kipimo chepesi hata mtoto anaweza kukitumia. Chukua shughuli yoyote ya nyumbani, ujiulize: je, ningeweza kumlipa mtu mwingine anifanyie? Kulala hapana, hakuna wa kulala kwa niaba yako. Kula hapana. Lakini kufua, kupika, kuchota maji, kumwangalia mgonjwa, yote unaweza kulipia. Basi hiyo ni kazi inayozalisha, hata kama hakuna shilingi iliyobadilisha mkono.

Nilipokisoma kipimo hicho niliona mikono ya mama. Kabla sijaanza shule alikuwa akipanda mtaa wa Milimani mara mbili kwa wiki kufulia watu, akalipwa. Jioni akirudi anafua nguo zetu, kwa sabuni ileile na mgongo uleule, na hapo nchi nzima inasema hafanyi kazi. Shirika la takwimu la taifa lilipofanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021, lilikuta wanawake wanatumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo. Na sheria yetu, kwa hili naipongeza, imeliona jambo hilo: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mchango wa mwanandoa si pesa tu, bali pia kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, na kulima shamba. Haimaanishi mali inakatwa nusu kwa nusu moja kwa moja, kwani Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2023 kwamba mchango lazima uthibitishwe. Ndiyo maana nawasihi dada zangu waandike. Tarehe, kiasi, kazi. Daftari la shilingi 20 linaweza kuja kusimama mahakamani siku ambayo wewe huna sauti.

Sasa nizungumzie bajeti, kwa sababu hapa ndipo nilipogombana na nusu ya vitabu vyangu.

Mafunzo ya nyanjani niliyafanya Nakuru mjini, mtaa wa Kaptembwo, kwa wiki sita. Kazi yangu ilikuwa kutembelea familia kumi na mbili na kuandika nao kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Nilienda na jedwali nililofundishwa: mapato ya mwezi juu, kodi, chakula, nauli, akiba chini. Wiki ya kwanza tu jedwali likanishinda. Safu ya mapato ya mwezi haikujazika. Baba wa familia moja alikuwa kibarua wa mjengo: Jumatatu 700, Jumanne hakuna, Jumatano hakuna, Alhamisi 700 lakini alilipwa 400 na nyingine akaambiwa kesho. Utamwambia atenge asilimia ngapi ya nini?

Mwaka 1857 Ernst Engel, mtakwimu wa Saxony, Ujerumani ya leo, alichunguza daftari za matumizi za familia za Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyokwenda kwenye chakula. Nilikuwa nimeikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Kaptembwo niliiona imeketi kwenye kigoda. Siku ya 700, unga, mboga, mafuta na makaa vilichukua zaidi ya nusu. Siku ya bila kitu, chakula kilikuja kwa deni la dukani, yaani kilikula pesa ya kesho kutwa.

Nikaona nitafute kosa lao, ndivyo tulivyofunzwa. Nikachukua mafuta ya kupikia. Lita moja madukani ilikuwa 300 wiki ile. Mafuta ya kupima ya shilingi 20 niliyapeleka nikayapima kwa sindano ya dawa, yakatoka mililita 55. Piga hesabu: anayenunua ya 20 anailipia lita moja karibu shilingi 364. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba anapoteza zaidi ya 60 kwa kila lita, kwa hiyo ajikaze anunue chupa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, chupa ina miguu." Akanieleza kwamba mafuta yakionekana mengi, mkono wa kumimina unakuwa mwepesi. Jirani akija kuomba kijiko huwezi kusema huna. Na 300 ikishaingia kwenye chupa, mtoto akishikwa na homa usiku huwezi kuipeleka chupa kwa daktari. Ile 60 alikuwa akiilipa kwa macho wazi. Alikuwa akinunua uhuru wa kubaki na pesa mkononi.

Nililala nikilifikiria hilo, na hadi leo nadhani ni somo zito kuliko yote niliyopewa. Maskini wengi niliowatembelea walijua kuhesabu vizuri kuliko mimi. Walichokosa ni vitu viwili: pesa inayokuja kwa mpangilio, na habari ya kile ambacho anayewauzia au kuwakopesha haruhusiwi kuwafanyia. Hicho cha pili ndicho chuo kinaweza kuwapa, na ndicho hatuwapi. Semina za kuwafundisha akina mama kuweka akiba ziko kila wiki. Semina ya kuwaambia ni wakati gani mwenye duka hawezi kukugusa, mimi sijawahi kuiona katika ukumbi wa mtaa wowote, si Nakuru si Kisumu.

Tazama mikopo ya simu. M-Shwari, huduma ya kuweka na kukopa pesa kupitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mhadhiri alitutaka tuigeuze kuwa ya mwaka: 7.5 mara 12, asilimia 90. Darasa lilinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na mkopo wa namna hiyo kwenye simu yake. Karibu na hapo ukiweka mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao riba yake kwa mwanafunzi wa shahada ni asilimia 4 kwa mwaka, unaelewa kwa nini kuukopa wa simu ili ununue godoro ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kule Kaptembwo kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikopa programu moja kulipa nyingine, na alipochelewa, wakopeshaji wakaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yake, hadi mwalimu wa mtoto wake. Alifikiri ndiyo haki yao kwa kuwa alibonyeza "kubali." Si haki yao. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji, na Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Nilimwandikia hayo kwenye karatasi. Alipopigiwa tena aliwasomea. Sitadai kwamba deni lilifutika, deni alililipa. Lakini simu kwa mwalimu zilikoma, na siku iliyofuata nilimkuta amevaa kitambaa kipya kichwani.

Na si wanunuzi wa mjini peke yao. Ukipanda Molo au Elburgon wakati wa mavuno utaona lumbesi, gunia la viazi lililoongezewa kilemba cha wavu juu hadi linashinda kimo cha mtoto, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema mfuko usizidi kilo 50. Mkulima akilijua hilo bila kuwa na mizani, bado amefungwa mkono mmoja. Hilo linahitaji makala yake.

Basi nirudi kwenye cherehani, kwa sababu sikuweza kuiacha darasani.

Likizo ile nilishika matatu ya Kisumu kupitia Kericho, njia nzima nikipanga maneno. Nilimkuta mama barazani. Baada ya salamu na chai nikamwomba anionyeshe karatasi za cherehani ile. Sikudhani atakuwa nazo, ni miaka mingi. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti. Mama yangu hatupi karatasi.

Tulizipanga mkekani. Mkataba kurasa nne, wote kwa Kiingereza, herufi ndogo kama siafu, na sahihi yake chini. Stakabadhi ya arbuni. Juni, Julai, Agosti. Oktoba. Novemba. Septemba haikuwepo.

Moyo wangu ulianguka. Bila Septemba, alikuwa amelipa 19,000, na duka lilikuwa na haki yake. Nilitafuta tena kati ya karatasi, nikaupindua mkebe. Mama akaniuliza natafuta nini, nikamwambia. Akasema, "Septemba kile kijana alikuja bila kitabu cha risiti. Nilimwambia aandike kwenye daftari yangu." Akaingia tena ndani. Daftari la vipimo vya wateja, kiuno 28, mkono 21, na katikati ya vipimo vya kanzu ya mtu, kwa kalamu ya bluu: nimepokea 2,500, tarehe, sahihi.

Nikamwonyesha hesabu. Nikamfafanulia pia kitu ambacho mwenyewe nilikuwa nimekigundua usiku mmoja chuoni: watu husema aliongezewa 9,500 juu ya 22,000, lakini arbuni alikuwa ameshaitoa, kwa hiyo alichokopa kwa kweli kilikuwa 15,500. Na 9,500 juu ya 15,500 ni asilimia 61, kwa miezi kumi, huku deni lenyewe likipungua kila mwezi. Kisha nikamwambia juu ya theluthi mbili.

Hakulia. Alikunja uso kama anayetunga uzi sindanoni. Aliniuliza jambo moja, "Na sheria hiyo ilikuwepo siku ile?"

Nikamwambia ilikuwepo kabla yeye hajaolewa.

Akakaa kimya muda mrefu, hadi adhana ya alasiri ikaisha. Akasema hataki kesi. Duka lile lilishafungwa, na wale vijana wa mkokoteni walikuwa wametumwa tu, mmoja wao alikuja baadaye kushonesha suruali ya harusi. Nilitaka kumbishia. Nilikuwa nimekuja na hasira ya msomi, nataka haki ya Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji na kufidiwa akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa au huduma. Lakini hasara ilikuwa yake, si yangu, na yeye ndiye wa kuamua afanye nini nayo.

Alichotaka ni kingine. "Niandikie kwa Kiswahili," akasema. "Herufi kubwa. Jumapili tuna chama."

Niliandika kwenye karatasi ya kukatia vitambaa, ile ya kaki, kwa kalamu nene. Theluthi mbili ni nini na unaihesabu vipi: bei yote ya mkataba, gawa kwa tatu, zidisha kwa mbili. Arbuni inahesabiwa. Risiti isipokuwepo, dai sahihi ya aliyepokea pesa. Mkataba usioelewa, usitie sahihi siku hiyo, uende nao nyumbani. Nikaongeza ile ya Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, kwamba mkopo wa benki ukishakwama, jumla ya riba haiwezi kupita deni la msingi lililobaki siku ulipokwama.

Jumapili walikuja kumi na saba. Kwanza walitoa michango, wakamkabidhi wa zamu pesa zake, wakala maharagwe na mahamri. Kisha mama akaibandika karatasi ukutani kwa pini zake za ushonaji, akasimama kando yake. Nilidhani ataniita nieleze. Akaeleza mwenyewe, kwa mfano wa cherehani, kiasi kwa kiasi, mwezi kwa mwezi, na alipofika tarehe 19 Desemba alisema tarehe tu, akaendelea.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa Manyatta, ambaye siku zote huketi karibu na mlango, alifungua mkoba wake akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Ulikuwa mkataba wa friji. Akauliza kama arbuni inahesabiwa hata kama aliitoa kwa simu. Mama akamwambia inahesabiwa, akamwomba mtoto mdogo wa dada yangu alete kalamu, na wote wawili wakainama juu ya mkeka kuanza kujumlisha.